Barua za Ijumaa za Bi Karatasi

Mtoto wa darasa la pili ukimuuliza leo amejifunza nini shuleni, atakujibu, "Hakuna." Amekaa darasani saa tano, ameimba, amehesabu, amegombana na kupatana mara mbili, lakini jibu ni hilo hilo. Wazazi wengi hulipokea wakaendelea na shughuli zao. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyelichukia jibu hilo kutoka moyoni, na kwa miaka tisa alipambana nalo kila Ijumaa kwa karatasi moja.

Walimu wenzake walimpachika jina la Bi Karatasi, na wala hawakuwa wakimsifu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwendo wa haraka, mkoba wake umetuna muda wote kama umemeza mto. Kila Alhamisi vipindi vikiisha alikaa kwenye meza yake ya pembeni katika ofisi ya walimu, ile yenye mguu uliowekewa kigae ili isiyumbe, akaandika kwa mkono barua ya ukurasa mmoja. Juu aliandika mambo ambayo darasa limejifunza wiki hiyo. Chini yake aliandika yanayokuja: siku ya kupimwa macho, siku ya kuja na kopo tupu, siku ya michezo. Mwisho kabisa kulikuwa na mstari wa vitone, na chini ya vitone nafasi ya sahihi. Mzazi anasaini, anachana kipande, mtoto anakirudisha Jumatatu. Nakala arobaini na tatu, haipungui hata moja. Mashine ya kunakili ya shule ilikuwa na kisirani, ikipenda kumeza karatasi na kuzitoa zimekunjamana, na ni Bi Karatasi peke yake aliyejua pa kuipiga kofi ikatulia.

Ukaidi huo aliutoa mbali. Mama yake alikuwa mfagiaji hospitalini, na katika miaka yote ya shule ya msingi ya binti yake aliitwa shuleni mara moja tu, kuja kuambiwa kwamba mtoto amevunja kioo cha dirisha. Kwa hiyo alichokijua kuhusu elimu ya mwanawe ni kioo. Hakuambiwa kwamba mtoto huyo aliweza kuhesabu kinyumenyume kutoka mia, wala kwamba aliwasomea wenzake hadithi mwalimu akiwa na mafua. Bi Karatasi alipopata ualimu alijiapiza kwamba mzazi wa darasa lake hataishia kupewa habari za kioo tu.

Sasa mwaka huo mwalimu mkuu akamwita. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, isemwe mapema. Alifika shuleni kabla ya mlinzi kubadilisha zamu, alimwagilia maua mwenyewe, na aliujua wastani wa kila darasa kwa kichwa. Ila alipenda vitu vinavyohesabika, na barua za Ijumaa zilimshinda kuzihesabu.

"Mwalimu," alisema, "karatasi za mitihani zinatupungukia kila muhula, na wewe unazigawa kama njugu. Mwaka jana siku ya darasa wazi walikuja wazazi wangapi?"

"Wanne," alisema Bi Karatasi.

"Wanne, na mmoja alikuwa anatafuta darasa la sita."

Hilo Bi Karatasi alilijua, maana ni yeye aliyemwelekeza.

"Vipande vyote vinarudi na sahihi, mkuu," alijitetea. "Vyote."

"Kusaini si kusoma, mwalimu. Hata mimi husaini mengi." Akakohoa kidogo, kwa kuwa hilo hakulikusudia. "Tufanye hivi. Darasa wazi ni Ijumaa ya wiki ya kumi na moja. Una watoto arobaini na watatu. Wakija wazazi ishirini na wawili, yaani nusu na kidogo, endelea na barua zako na sitakuuliza tena. Wasipofika, tuiache hii kazi, karatasi ziende kwenye mitihani."

Bi Karatasi alitoka amevimba. Nyumbani alimlalamikia mumewe, fundi baiskeli, aliyekuwa amechuchumaa akikaza spoki.

"Ati hawasomi!"

"Kwani wanasoma?" aliuliza mumewe bila kuinua kichwa.

"Wanasaini!"

"Mimi pia husaini karatasi za wale wanaoniletea vipuri. Nikwambie kilichoandikwa humo?"

Alimnunia mpaka kesho yake. Lakini lile swali lilimganda. Alhamisi ya wiki ya tatu, alipokuwa akiandika orodha ya mambo yanayokuja, akajikuta ameandika jambo la nne kwa mwandiko ule ule mzuri na uso mkavu kabisa: "Jumatano kila mtoto aje shuleni na tembo mmoja mdogo, awe ameogeshwa."

Jumatatu vipande vikarudi. Arobaini na viwili, vimesainiwa barabara. Dereva wa lori, baba wa msichana wa dawati la mbele, alisaini kama anavyosaini mizigo yake: "Nimepokea, hakuna kilichovunjika." Mzazi mmoja alikuwa muungwana zaidi. Aliandika, "Tutajitahidi."

Bi Karatasi alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipoisha machozi yalikuwa bado yanakuja. Miaka tisa! Alipiga hesabu ya barua zote alizoandika, akaona aibu ikimpanda shingoni. Alikuwa akijiandikia mwenyewe.

Kipande kimoja tu hakikurudi, cha msichana ambaye darasa zima lilimwita Mapengo kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yameng'oka yote kwa mpigo. Mapengo alilelewa na bibi yake, aliyekuwa akifua nguo za watu. Na huyo bibi hakutuma kipande, alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni kabla ya kengele, kanga imekazwa kiunoni, mikono imesinyaa kwa maji ya sabuni.

"Shikamoo, bibi. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Sikai, nimeloweka nguo. Nimekuja kwa hili la tembo." Alikuwa amekunja uso kweli kweli. "Nimeuliza mtaa mzima, hakuna aliye naye. Sasa nikasema nisije nikamwaibisha mtoto. Hakuna mnyama mwingine atakayefaa? Jirani ana bata."

Bi Karatasi alishindwa kujizuia. Alimshika yule bibi mkono, akamweleza ukweli wote, mtego, sahihi na mwalimu mkuu. Bibi alisikiliza, kisha akaangua kicheko kilichowatoa walimu wawili ofisini kuja kuchungulia.

"Bibi, lakini wewe uliisomaje? Vipande vyako vyote vina dole gumba." Lilikuwa dole gumba hafifu, mistari yake imeliwa na sabuni.

"Mimi kusoma sijui," alisema bibi waziwazi, kama mtu anayesema hana mwavuli. "Mjukuu wangu ndiye hunisomea nikipiga pasi. Anaposhindwa neno tunasaidiana kulikisia. Barua zako ngumu, mwalimu, usinichukulie vibaya. Kuna siku uliandika 'thamani ya nafasi ya tarakimu'. Tulikaa nayo jioni nzima. Nikafikiri ni ugonjwa."

Baada ya bibi kuondoka, Bi Karatasi aliitoa ile barua ya tarakimu akaisoma kwa sauti. Kweli kabisa, ilisikika kama ugonjwa. Akaona kosa lake lilipokuwa. Alikuwa akiwaandikia wazazi kama anayemwandikia mkaguzi, na aliyembebesha barua, yaani mtoto, alikuwa amemfanya tarishi tu. Na katika nyumba zote arobaini na tatu, iliyoisoma barua ni ile isiyo na msomaji mkubwa.

Kuanzia wiki ya nne barua ikabadilika, na hapa ndipo sifa zake zilipo, maana kazi aliyojitwika haikuwa ndogo. Aliamua kwamba barua itaandikwa kwa maneno ambayo watoto wake wameshafundishwa kuyasoma, na si mengine. Ijumaa asubuhi darasa zima litaisoma kwa pamoja, kisha wawili wawili, mpaka kila mmoja aweze kuibeba nyumbani mdomoni. Ni rahisi kusema. Watoto wale walikuwa bado hawajafika kwenye maneno marefu wala silabi zilizobanana, kwa hiyo Alhamisi alikaa akizipima habari zake neno moja moja, akifuta na kuandika upya. "Upimaji wa uoni" ukawa "Daktari atakuja kupima macho." Thamani ya nafasi ya tarakimu ikawa: "Muulize mtoto kwa nini mbili ya ishirini ni kubwa kuliko mbili ya mbili. Mpe njiti za kiberiti akuoneshe." Mwalimu wa darasa la tano alipita nyuma yake akamtania kwamba siku hizi anaandika kitoto. "Ndiyo," alisema Bi Karatasi, "na inanitoa jasho."

Sahihi aliiondoa. Mahali pake, chini ya vitone, aliweka swali moja ambalo haliwezi kujibiwa na mtu asiyesikia barua.

Wiki ya kwanza ya barua hiyo mpya yalirudi majibu tisa. Tisa! Mwalimu mkuu alimwona akiyahesabu kwenye korido na kwa huruma akajifanya hakumwona. Wiki iliyofuata kumi na matano. Bi Karatasi alipiga moyo konde. Darasa lilipofika kwenye somo la vipimo, swali la barua likawa, "Kazini kwako mnapima nini, na mnapima kwa kitu gani?" Majibu hayo aliyaweka maisha yake yote. Mshona nguo aliandika kwamba hupima viuno kwa futi ya kamba na watu humwomba adanganye. Nesi aliandika homa. Mlinzi alisema hupima saa, na ile ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote. Bibi ya Mapengo alimwambia mjukuu wake aandike: sabuni, kwa kiganja, na maji, kwa kiwiko. Bi Karatasi aliingia darasani na ndoo, na watoto wakajifunza kupima maji kwa kiwiko, wakilowana hadi mabegani. Somo lile halikuwa kwenye kitabu chochote.

Dereva wa lori yeye ndiye aliyemshangaza zaidi. Kumbe kila Ijumaa alasiri mkewe alimpigia simu, akampa binti yao, na yule baba akaegesha lori kando ya barabara asikilize barua mpaka mwisho. Jibu lake la vipimo lilikuwa upepo wa matairi, na akaomba darasa lielezwe kwamba tairi halipimwi kwa kulipiga teke, wanaofanya hivyo wanajidanganya.

Wiki ya kumi majibu yalikuwa thelathini na manne. Barua ya Ijumaa ya wiki hiyo ilisema hivi, na watoto waliisoma bila kukwama: "Ijumaa saa tisa njoo darasani. Nitakusomea. Nitapima meza mbele yako. Njoo hata kama umechoka."

Ijumaa ya wiki ya kumi na moja, saa nane na nusu, Bi Karatasi alikuwa ameshapanga madawati kuzunguka kuta, ameyafuta, na ameyafuta tena. Saa tisa kasorobo walikuwepo watu watano. Mwalimu mkuu alikuja na karatasi yake ndogo, akasimama nyuma, akiweka alama moja kwa kila mzazi aliyeingia. Saa tisa kamili, watu kumi na wawili. Mshona nguo alifika na futi ya kamba ingali shingoni. Nesi alifika na sare. Saa tisa na robo walikuwa kumi na tisa, na mlango ukatulia.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, siku ya kazi, na watu wengi wana mabosi. Bi Karatasi alilijua hilo, lakini kulijua hakukumsaidia. Alimtazama mkuu, mkuu akatazama karatasi yake. Watoto walisoma, wakapima meza, wakabishana vizuri juu ya sentimita mbili, na wazazi wakapiga makofi. Bi Karatasi alitabasamu muda wote, na ndani alikuwa akiomba mlango ufunguke mara tatu. Haukufunguka.

Mwisho mwalimu mkuu akapita mbele. Alishukuru kwa adabu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema kweli, akawaeleza wazazi mapatano yake na Bi Karatasi. "Nusu ni ishirini na wawili. Tumepata kumi na tisa. Si haba ukilinganisha na mwaka jana, na mwalimu amejitahidi sana. Lakini karatasi ni chache. Kwa hiyo barua za Ijumaa zitaishia hapa."

Mke wa dereva aliinua simu juu. Ikatoka sauti yenye kelele za barabarani nyuma yake: "Na mimi nihesabuni! Nimeegesha tangu saa tisa, nimesikia yote!"

Watu wakacheka. Mwalimu mkuu naye alicheka, akaongeza alama. "Ishirini," alisema kwa upole. "Bado wawili."

Ndipo bibi ya Mapengo akasimama. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea, na alionekana kuwa na woga, maana aliishika meza.

"Mkuu, samahani. Unahesabu waliokuja. Mbona huulizi wanajua nini?"

"Sawa, mama. Wanajua nini?"

"Wengine sijui. Mimi nitakwambia ya kwangu." Akavuta pumzi. "Wiki ya nne walijifunza kwa nini mbili ya ishirini ni kubwa, na daktari wa macho alikuwa anakuja Jumanne. Wiki ya tano walipanda maharage kwenye pamba, la mjukuu wangu likaoza, wakajifunza kwamba maji yakizidi yanaua. Wiki ya sita saa. Mshale mkubwa unaenda mbio, mdogo unajivuta, na tuje na kopo. Wiki ya saba vipimo..." Akaendelea hivyo, wiki baada ya wiki, jambo kwa jambo, tarehe kwa tarehe, bila kuruka hata kopo moja. Mapengo alikuwa akizifuata barua zilizobandikwa ukutani kwa kidole, na kila jambo alitikisa kichwa kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Mshona nguo alikuwa ameshika mdomo.

"Mama, umekariri barua zote?" mwalimu mkuu alishangaa.

"Ningefanyaje? Ninyi mnaojua kusoma mkisahau mtaitazama tena karatasi. Mimi nikiisahau imepotea. Huyu mama yake hayupo. Akija kuniuliza siku moja, nilikuwaje nilipokuwa mdogo, nilijua nini, nani atamwambia? Nilikuwa sina cha kumwambia, mkuu. Sasa ninacho."

Bi Karatasi aligeukia ubao, akaufuta ubao uliokuwa safi.

Bibi hakukaa. Hakuwa na nia ya kumkomoa mtu. Alikuwa mwanamke mwenye kupenda kujua, na swali lilimjia tu. "Na wewe mkuu, si una binti hapa hapa, darasa la nne? Yule mrefu, mwenye aibu. Yeye wiki hii amejifunza nini?"

Wastani wa darasa la nne mwalimu mkuu aliujua, ulikuwa sitini na moja. Nafasi yao katika mtihani wa majaribio aliijua pia. Alisimama mbele ya watu wale na karatasi yake yenye alama ishirini, na wote wakamsubiri bila ubaya wowote, kwa kuwa kila mmoja wao aliwahi kusimama mahali hapo.

"Sijui," alisema.

Aliikunja karatasi yake mara mbili akaitia mfukoni. Alimgeukia Bi Karatasi, ambaye bado alikuwa na kifutio mkononi, na sauti yake haikuwa ile ya ofisini.

"Jumatatu kaa na mwalimu wa darasa la nne," alisema. "Mwoneshe unavyoandika."

Kisha akawaomba radhi wazazi na kutoka kwa haraka, kwenda kumwahi binti yake kabla hajafika getini.